Kumbukumbu ya Mradi: Kulijua Gari la Mashindano kwa Modeli ya Kompyuta, Sehemu ya Saspensheni

Nimemaliza bodi na mabawa, sasa nimeingia kwenye saspensheni, na hapa ndipo modeli imeanza kunifaa kweli. Ukibonyeza gurudumu, linajitenga na kuonyesha mikono ya saspensheni, fimbo inayosukuma springi iliyofichwa ndani ya bodi, na diski ya breki ya kaboni. Chini ya picha kuna mistari minne ya rangi inayoonyesha mzigo unaobebwa na kila tairi. Mistari hiyo ndiyo iliyonikalisha mbele ya kompyuta hadi usiku, umeme ulipokuwapo.

Nilianza na breki, hesabu nikiiandika kwa mkono kwanza. Kanuni za Formula 1 za mwaka 2025 ziliweka uzito wa chini kabisa wa gari pamoja na dereva, bila mafuta, kuwa kilo 800, na umbali kati ya ekseli usiozidi milimita 3,600. Nikichukulia kwamba kitovu cha uzito kiko sentimita 30 juu ya lami, na kwamba breki zinapunguza mwendo kwa mara 3 ya nguvu ya mvutano wa dunia, mzigo sawa na kilo 200 unahama kutoka tairi za nyuma kwenda za mbele. Modeli ilitoa jibu hilohilo. Ugumu wa springi haumo kabisa katika hesabu hiyo: springi ngumu huzuia pua isiiname sana, lakini mzigo unaohama ni uleule, jambo ambalo mafundi wengi hapa Ngamiani, Tanga, hubishana nalo.

Kwenye kona mambo yananoga zaidi. Jumla ya mzigo unaohamia tairi za nje huamuliwa na kimo cha kitovu cha uzito, upana kati ya magurudumu na ukali wa kona. Stabilaiza, yaani fimbo inayounganisha saspensheni ya kushoto na ya kulia, moja mbele na moja nyuma, huamua tu mbele ichukue kiasi gani na nyuma kiasi gani. Nikiikaza ya mbele, mstari wa tairi ya mbele ya nje unarefuka na gari linaanza kugoma kukata kona, kwa sababu tairi iliyoongezewa mzigo mara mbili haishiki barabara mara mbili. Hushika pungufu ya hapo. Nikiikaza ya nyuma, mkia ndio unaotupa.

Fundi mkuu wa gereji yetu alitazama, akaniambia, "Mwanangu, kumbe ndiyo maana ile gari iliyokatika linki ya stabilaiza ya nyuma ilikuwa inagoma kwenye kona za Mombo kwenda Lushoto." Nilitoa linki ya nyuma kwenye modeli, na kweli, mzigo uliruka mbele.

Inayofuata ni sakafu. Kanuni za mwaka 2022 zilirudisha mifereji mikubwa chini ya gari, inayoharakisha hewa na kulinyonya gari kuelekea barabarani, mbinu ambayo timu ya Lotus ilikuwa nayo dereva wake Mario Andretti alipotwaa ubingwa wa mwaka 1978. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo kwa kilomita 300 kwa saa huwa mara 9 ya ile ya kilomita 100. Springi laini nilizoziacha zinatosha kwenye kona za taratibu, lakini kwenye mnyooko sakafu inakwangua lami. Sasa natafuta ugumu utakaoishikilia bila kuzirusha tairi kwenye kila tuta dogo.