"Mamdogo, usimwambie mama"

Wiki mbili zilizopita mtoto wa dada yangu, ana miaka 11, alikuja akasimama pembeni yangu na tableti kaikumbatia kifuani, hasemi kitu. Namuuliza vipi, ananiambia mamdogo nikikuonyesha usimwambie mama. Moyo ukanilipuka. Kumbe kwenye chati ya gemu kuna mtu kamsifia anavyocheza, kampa na zawadi ya humo humo ndani ya gemu, halafu "una miaka mingapi", halafu "uko na nani saa hizi", halafu "huku wanatusoma, njoo WhatsApp, ila iwe siri yetu". Meseji chache tu jamani, zote za jioni moja.

Nilizisoma zaidi ya mara moja kwa sababu huo ndo mwendo wao, sifa, zawadi, umri, nani yuko karibu, kuhamia faragha, siri. Kinachofuata huwa ni picha, na picha ikishatoka vitisho vinaanza, tuma hela au tuma nyingine la sivyo naisambaza kwa marafiki zako wote. Na tusidhani ni mabinti tu, FBI ya Marekani imeshatahadharisha kwamba kwenye hii ya kudai hela wanaolengwa zaidi ni wavulana wa miaka 14 mpaka 17.

Lakini kilichoniuma zaidi ni lile neno, usimwambie mama. Nikamuuliza kwa nini. "Atanichukulia tableti." Basi, hakuwa na sababu nyingine. Yaani mtoto kaona kitu kimemtisha, kajua kabisa sio sawa, ila kapiga hesabu akaona akisema atakayeadhibiwa ni yeye. Na yule mtu wa upande wa pili anaijua hiyo hesabu vizuri sana, ndo maana huwa wanawaambia watoto wazazi wako wakijua watakunyang'anya.

Nikamwambia siwezi kumficha mama yako, ila twende wote na mimi ndo nitaanza kuongea. Kabla ya hapo tukapiga skrinishoti zote, jina la akaunti likionekana, ndo tukaripoti, ndo tukabloku. Huo mpangilio naomba muushike maana wengi tunakimbilia kubloku au kufuta kwa hasira na ushahidi unapotea hapo hapo.

Sasa shule. Nyingi zinaita mtu siku moja kwa mwaka, labda Februari kwenye ile Siku ya Intaneti Salama, watoto wanapangwa ukumbini wanaelezwa mabaya ya mtandao saa nzima, wanatoka wameogopa na hawajui cha kufanya. Mimi ningependa mwalimu aandike ubaoni meseji kama zile, moja moja, awaulize darasa hapa anataka nini, itafuata ipi, wewe unajibuje, unamwambia nani. Na huyo nani awe mtu mzima mmoja wa hapo shuleni anayejulikana kwa jina, ambaye mtoto akimfuata hapigiwi kelele. Kama mtoto hajawahi kutamka kwa mdomo wake "mwalimu kuna mtu ananiomba picha", siku likimkuta hatalitamka.

Na wafundishwe upande wa pili pia, maana hao hao tunaowalinda ndo wanaorusha skrinishoti ya mwenzao kwenye kundi la darasa. Ukiwauliza kila mmoja anasema mimi nimerusha tu, sikuandika mimi. Aliyechekwa siku hiyo hakuhesabu nani aliandika na nani alirusha, yeye aliona darasa zima.

Sisi wazazi tuna lile tatizo la miaka 13, ile ambayo mitandao mingi inaidai ndo mtoto afungue akaunti, tunadhani ni umri ambao wataalamu wamesema mtoto ameshakomaa. Hapana, imetokana na sheria ya Marekani ya 1998 inayohusu kampuni kukusanya taarifa za watoto wa chini ya hapo, ukomavu haumo kabisa. Australia nao wamesema akaunti za mitandao ya kijamii mpaka 16, imeanza Desemba 2025, na sipingi, ila gemu hazimo kwenye hiyo sheria, na huyu wetu alifuatwa kwenye gemu.

Kama picha imeshatoka, usimpige mtoto, usilipe. Kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down ya kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na kunyanyaswa, ni kwa picha za utupu zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Picha yenyewe haitoki kwenye simu yako, inatengenezewa alama kama ya kidole na hiyo alama ndo inapelekwa kwa mitandao iliyojiunga ili waitafute na kuiondoa, na jina huulizwi. Haifiki kwenye chati zilizofungwa kwa msimbo, ambazo hata kampuni yenyewe haiwezi kuzisoma, hilo mjue, lakini mtoto anayedhani maisha yake yameisha usiku huo anahitaji kusikia kwamba kipo cha kufanya.

Dada yangu aliposikia alinyamaza sana. Halafu akamuuliza mwanae, ulimjibu nini? Hakuwa amejibu. Akamwambia umefanya vizuri kusema, akamrudishia tableti mkononi pale pale. Nilimwona yule mtoto anavyoiangalia ile tableti kama haamini.

Juzi kapata ombi lingine la urafiki toka kwa asiyemjua. Mimi nilikuwepo sebuleni, akanipita, akaenda jikoni kwa mama yake.