Aliyekosa siku ya kupimwa masikio ni mzigo wa nani?

Mtoto mwenye usikivu hafifu hafanani na kiziwi. Ukimwita kwa nguvu anageuka, na hapo mwalimu na mzazi wote wanatulia. Kumbe zinazompotea ni sauti nyembamba: irabu anazipata, ila s, f na sh zinapita. Kiswahili nacho humficha, maana karibu kila silabi imebeba irabu. Mwalimu akisema "shika", yeye anapata "-ika", halafu anachungulia mikono ya wenzake ajue kama ni kushika, kufika au kupika. Kwenye imla hana pa kuchungulia. Ataandika "fika", na ripoti ya muhula itasema hayuko makini.

Kipimo chenyewe, kile mpimaji anachofanya shuleni, ni cha dakika chache. Kwanza tazama sikio kwa tochi ya masikio: nta iliyoziba, usaha, kiwambo (ngozi nyembamba iliyo ndani ya sikio) kilichotoboka. Kisha mvalishe vipokea sauti, chekundu kulia, cha bluu kushoto. Mfundishe kwa sauti ya desibeli 40 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) mpaka aelewe kwamba akisikia, ainue mkono. Baada ya hapo shuka hadi desibeli 20, upime hezi 1000, 2000 na 4000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), kila sikio peke yake. Sauti moja tu ikimpita bila kuitika, vua vipokea sauti, vivalishe upya, mweleze tena, rudia siku hiyohiyo. Akishindwa tena, apewe rufaa.

Kinachoharibu kazi ni vitu vidogo. Mtoto akiketi mahali anapoona kidole chako kwenye kitufe cha mashine, atafaulu hata kama hasikii. Ukibonyeza kwa mwendo ule ule kama saa, atakisia. Hereni, rasta na mtandio husogeza kipokea sauti pembeni ya tundu la sikio, na hapo mzima ataonekana mgonjwa. Chumba kilicho jirani na uwanja wa mpira hakifai: kelele zikipita desibeli 40, sauti ya hezi 1000 ndiyo huzama kwanza. Bora kusubiri wenzake warudi darasani. Na kila asubuhi mpimaji ajipime mwenyewe kabla ya mtoto wa kwanza, kwa sababu waya uliokatika ndani hauonekani kwa macho.

Sasa lile la lawama. Mpimaji huja siku moja, anapima waliopo, anaandika idadi, anaondoka. Aliyekosa hayumo kwenye idadi hiyo, na pengine amekosa kwa sababu ya sikio lenyewe: usaha, homa, aibu ya harufu. Wa pili anayepotea ni aliyeshindwa kipimo, akapewa barua mkononi na kuambiwa ampe mama. Yaani tumemtuma asiyesikia vizuri apeleke habari za kutosikia kwake.

Kwa maoni yetu deni ni la mpimaji na mwalimu mkuu kabla halijawa la mzazi. Mpimaji alinganishe majina yake na rejista ya darasa kabla hajafunga sanduku, na aache tarehe ya kurudi. Mwalimu mkuu ashike orodha ya waliokosa na ya waliopewa rufaa, na asifute jina mpaka kipande cha barua kirudi kikiwa na muhuri wa kliniki. Nchini Kenya kuna vituo vya EARC (Educational Assessment and Resource Centres), vilivyoanza mwaka 1984, ambavyo kazi yake ni kutathmini watoto wa namna hii. Jina likikaa wiki kadhaa bila jibu, lipelekwe huko. Kumlaumu mzazi ambaye barua haikumfikia ni kumwonea.

"Alipita mwaka jana" nayo si hoja. Maji yanayojikusanya nyuma ya kiwambo huja na kwenda, na mtoto anaweza kusikia vizuri Januari akawa hasikii Julai. Sikio linalotoa usaha halingoji kipimo chochote: likaushwe kwa utambi safi mara tatu kwa siku, lisitiwe mafuta, na mtoto apelekwe kliniki akaandikiwe matone.

Barua ya rufaa nayo isiandikwe "ana shida ya masikio". Iandikwe hivi: sikio la kushoto, hezi 4000, desibeli 20, hakuitika mara mbili, kiwambo kinaonekana kizima, na tarehe. Atakayeipokea ajue pa kuanzia.