Waya wa dishi la mpangaji aliyehama

Mama mwenye nyumba wangu hapa Tanga ana sharti moja: "Mwanangu, ukuta wangu hata msumari sitaki." Nami nina redio kubwa na spika mbili za mbao alizoniachia marehemu baba, na Jumapili nzima nashinda jikoni uani huku redio inaimba sebuleni peke yake.

Nikaanza na bluetuthi, kama kila mtu. Kifaa kimoja nyuma ya redio, kingine uani pamoja na ampli ndogo ya kukuza sauti. Waya wa spika nikaukwepa, lakini ampli nayo inataka umeme, basi nikavuta ekstensheni dirishani. Kazi bure! Tena sauti ya uani ilichelewa; mtangazaji akisema goli, goli linafungwa mara mbili.

Jirani mmoja anayejiita fundi akanishauri nitumie nyaya za soketi zilizomo ukutani. Jamani, msithubutu. Mle mna volti 230, na umeme haujali kwamba wewe shida yako ni taarabu tu.

Siku moja nakuna nazi, nikainua macho: waya wa dishi la mpangaji aliyenitangulia. Dishi alihama nalo, waya akauacha. Unaanzia nyuma ya TV, unapita darini, unatokea uani. Ndani mna njia mbili, uzi mgumu wa katikati na wavu unaouzunguka, na spika haidai zaidi ya mbili.

Nikakata vichwa vya ncha zote, nikamenya gamba urefu wa kidole, nikaukusanya wavu na kuusokota pembeni. Hapa usiwe na haraka: unywele mmoja wa wavu ukigusa uzi wa kati, ampli ya redio inaweza kuungua. Nikazungushia tepu, spika moja nikaihamishia uani na kuiunga kwenye ncha za huko. Kabla ya kuunga redio, nikagusisha betri ya rimoti, ya volti 1.5, kwenye ncha za sebuleni. Mwanangu akapiga kelele uani, "Mama, limekohoa!"

Uzi wa kati unanasa sumaku, yaani ni chuma kilichovikwa shaba, kwa hiyo sauti inapungua kidogo. Mita 12 hivi, si neno, naongeza volyumu.

Kilichonishangaza ni nyimbo za zamani. Uani nikapata gitaa na ngoma, mwimbaji kabaki sebuleni na spika ya pili. Nikabonyeza swichi ya mono, inayochanganya sauti za pande mbili ziwe moja kwenye kila spika, naye akatoka nje.