GRUB inapogoma kwenye usakinishaji wa Linux unaojiendesha

Kisakinishi kimefika mwisho bila kuuliza swali hata moja, seva imejiwasha upya, halafu skrini imebaki na `grub rescue>`. Wengi hapo hukimbilia `grub-install`. Subiri kwanza. Mara nyingi GRUB, programu inayowasha Linux, haina kosa. Kosa liko kwenye faili ya majibu (ile inayomjibia mtu maswali ya kisakinishi), iliyojiamulia mambo mawili bila kuangalia: seva imewaka kwa njia gani, na diski ipi ndiyo yenyewe.

Anza na njia ya kuwaka. Fungua terminali ndani ya kisakinishi (kwenye Debian bonyeza Alt+F2) uandike:

`ls /sys/firmware/efi`

Saraka ikiwepo, seva imewaka kwa UEFI, njia mpya. Isipokuwepo, imewaka kwa BIOS, njia ya zamani. UEFI inataka patisheni ya EFI yenye FAT, inayopachikwa kwenye `/boot/efi`. BIOS ikikutana na diski yenye jedwali la patisheni la GPT, GRUB inataka patisheni ya biosboot ya MiB 1, isiyo na mfumo wa faili.

Hiyo MiB 1 ndiyo watu huisahau. Sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512 tu, kwa hiyo GRUB huweka humo kipande kidogo na kuficha sehemu yake kubwa mahali pengine. Kwenye diski za MBR (jedwali la zamani) ilijibanza katika nafasi tupu kabla ya patisheni ya kwanza. Kwenye GPT, nafasi hiyo imekaliwa na jedwali lenyewe. Bila biosboot utakuta ujumbe huu kwenye kumbukumbu za usakinishaji:

`this GPT partition label contains no BIOS Boot Partition; embedding won't be possible`

Mtego wake ni kwamba faili ya majibu hujaribiwa kwenye mashine pepe inayowaka kwa BIOS, kisha hupelekwa kwenye seva halisi za UEFI. Acha kickstart (faili ya majibu ya jamii ya Red Hat) ijiangalie yenyewe:

```
%pre
if [ -d /sys/firmware/efi ]; then
  echo "part /boot/efi --fstype=efi --size=600" > /tmp/boot.ks
else
  echo "part biosboot --fstype=biosboot --size=1" > /tmp/boot.ks
fi
%end
%include /tmp/boot.ks
```

Kama mpangilio wako wa diski ni wa kawaida, mstari mmoja wa `reqpart --add-boot` unafanya kazi hiyo hiyo, na ndio ningeuchagua.

Sasa diski. Jina `sda` halina mwenyewe: hupewa diski iliyotangulia kuonekana. Ukisakinisha kwa flashi, flashi inaweza kulichukua, GRUB ikaandikwa humo, na siku ukiichomoa seva haiwaki. Tumia majina ya `/dev/disk/by-id/`, ambayo hubeba modeli na namba ya diski. Kwenye kickstart yaweke katika `ignoredisk --only-use=` na `bootloader --boot-drive=`. Kwenye preseed (faili ya majibu ya Debian), jibu linalohusika ni `grub-installer/bootdev`. Likikosekana, kisakinishi kinaweza kusimama kikingoja mtu ajibu. Kwenye autoinstall ya Ubuntu, `grub_device: true` inakaa kwenye diski kama ni BIOS, na kwenye patisheni ya EFI kama ni UEFI. Ikikosewa hapo, usakinishaji hauendi.

Kama seva inarudia kujisakinisha kila ikiwaka, usiguse GRUB. Angalia foleni ya kuwaka kwa `efibootmgr -v`: huenda mtandao umetangulia diski. Ipange upya kwa `efibootmgr -o`, au seva yako ya PXE (inayowasha mashine kupitia mtandao) iache kuipa mashine hiyo kisakinishi baada ya kazi kwisha. Zipo pia bodi zinazosahau foleni hiyo. Kwa hizo, Debian ina `grub-installer/force-efi-extra-removable`, inayoweka nakala kwenye `\EFI\BOOT\BOOTX64.EFI`, njia ambayo UEFI huijaribu pasipo maelekezo.

Na ukiwa tayari umekwama kwenye `grub rescue>`, andika `ls` uone patisheni, kisha chungulia moja moja kwa `ls (hd0,gpt2)/` mpaka uone saraka ya `boot`. Ukiipata:

```
set prefix=(hd0,gpt2)/boot/grub
insmod normal
normal
```

Kama `/boot` ina patisheni yake, njia ni `/grub` tu. Kwenye jamii ya Red Hat saraka inaitwa `grub2`. Mfumo ukishawaka, ndipo `grub-install` na `update-grub` zina maana kwenye Debian. Kwenye Red Hat yenye UEFI usiendeshe `grub2-install`, kwa sababu itaweka faili isiyo na saini na Secure Boot, kinga ya UEFI inayokagua saini, itaikataa. Andika `dnf reinstall shim-x64 grub2-efi-x64`.

Kwa seva yenye RAID 1 ya programu (diski mbili zenye nakala moja), hakikisha GRUB iko kwenye diski zote mbili. Patisheni ya EFI ikiwa ndani ya RAID, itumie metadata 1.0, ambayo huandikwa mwishoni mwa patisheni. Firimuea (programu ya ndani ya bodi) haijui RAID, hivyo mwanzoni inapaswa kukuta FAT ya kawaida. Kisha zima seva, chomoa diski ya kwanza, uiwashe na ile ya pili peke yake, kabla haijaanza kubeba data ya mtu.