Karani wa sensa alipomkuta mama

Wiki ya kwanza niliporudi Nakuru, jina langu la kwanza halikumtosha mtu yeyote. Fundi wa mabomba, kijana wa duka la simu, jirani mpya wa mama: wote walilisubiri jina la pili kama mtu anayesubiri chenji yake. Nikilitaja, uso unatulia. Ameshanipanga kwenye kabila. Halafu mama ananiita kutoka jikoni kwa Kimaragoli, lugha ya Waluhya wa magharibi mwa Kenya, na ule uso unachanganyikiwa upya.

Baba alikuwa Mkikuyu wa Bahati, hapahapa kaunti ya Nakuru. Mama alitoka Vihiga akiwa msichana, akimfuata dada yake aliyeolewa na mfanyakazi wa reli. Walikutana mtaa wa Bondeni. Sisi watoto tulikulia Kaptembwo tukiongea Kiswahili nyumbani, kwa sababu kati ya hao wawili hakuna aliyekubali kushindwa.

Niliondoka 2009. Miaka kumi na mitano nimeimaliza Minneapolis, kaunti ya Hennepin, jimbo la Minnesota, kwenye baridi ambayo sitaieleza maana hakuna anayeniamini. Kule jina la pili halimwambii mtu kitu. Nilipotua tu nilipewa neno moja, Mweusi, nikawekwa humo pamoja na Mliberia wa Brooklyn Park, Msomali wa Cedar-Riverside aliyezaliwa Garissa, na Mmarekani ambaye mababu zake walikuwa watumwa kusini mwa nchi hiyo. Tukiketi meza moja sisi wanne, hata chakula cha kuagiza hatutakubaliana. Kwenye takwimu za kaunti sisi ni safu moja.

Mwanzoni nililipenda neno hilo, sitadanganya. Aliyetoka Nakuru ya 2008, mwaka wa ghasia za baada ya uchaguzi, anaweza kulipenda neno lolote lisilomuuliza alikuwa upande gani. Baadaye nililijua uzito wake. Mei 2020 George Floyd aliuawa na polisi katika jiji nililokuwa nikiishi, na usiku ule hakuna aliyeniuliza kama mimi ni wa Bahati au wa Vihiga.

Mwaka huohuo wa 2020 Wamarekani walihesabiwa. Hennepin ilitoka na watu 1,281,565, karibu thuluthi mbili wakiwa Weupe. Fomu ilikuwa na visanduku vya rangi, na Walatino walikuwa na swali lao pembeni. Tangu sensa ya 2000 unaruhusiwa kutia alama kwenye zaidi ya kisanduku kimoja, na mwaka ule chini ya Mweusi kulikuwa na mstari wa kueleza asili yako. Nikaandika Kenya. Mwanangu, ambaye mama yake ana asili ya Norway, nilimtilia alama mbili, huku nikaandika Norway, huku Kenya. Mashine haikulalamika.

Miezi michache kabla ya hapo, usiku wa kuamkia 25 Agosti 2019, Kenya ilikuwa imeanza kuhesabu watu wake. Karani alifika kwa mama akiwa na tableti yake mpya na mzee wa nyumba kumi. Mama alinisimulia kwa simu, na kila akisimulia anaongeza chumvi, lakini mifupa ya hadithi haibadiliki.

"Kabila?"

"Mmaragoli."

"Na huyu binti yako?"

"Wewe unaonaje?"

"Mama, huwa tunaandika la baba."

"Baba yake yuko kaburini tangu 2014. Karo nimelipa mimi."

Kijana wa watu akaeleza kwamba mashine inachukua moja tu. Mama akamwambia basi mashine isubiri, akamwekea chai. Alichojibu mwishoni hajaniambia mpaka leo, na dada yangu anaapa alikuwa chumbani hakusikia.

Kwa hiyo nchi iliyonijua kwa neno moja ndiyo iliyomruhusu mwanangu kuwa vitu viwili kwenye karatasi, na kaunti yetu hii, ambapo nusu ya rafiki zangu wa utotoni wana mjomba wa huku na shangazi wa kule, inataka jibu moja. Wapo waliogoma. Katika sensa ya 2009 zaidi ya watu laki sita walikataa kutaja kabila wakaandikwa Wakenya tu, na Mkenya akapata mstari wake kwenye jedwali kama kabila jingine lolote. Nilicheka nilipoiona hiyo mara ya kwanza. Sicheki tena.

Nakuru ilihesabiwa watu 2,162,202, kaunti ya tatu kwa wingi baada ya Nairobi na Kiambu. Jedwali la makabila lililotolewa, hata hivyo, ni la nchi nzima. Linakuambia Wakikuyu ni milioni 8.1, Waluhya milioni 6.8, Wakalenjin milioni 6.4, lakini halikuambii nani ni wangapi Nakuru. Ukitaka hiyo, kaa na mama mboga yeyote wa steji ya Kaptembwo. Atakupangia kaunti nzima huku anakatakata sukuma: Kuresoi ni Wakipsigis, yaani Wakalenjin, Bahati na Subukia ni Wakikuyu, Mariashoni ni Ogiek wa msitu wa Mau, Karagita kule Naivasha ni watu wa magharibi na Nyanza waliofuata kazi za maua, Bondeni ni Wanubi na Wasomali na Waswahili. Wahindi wa mjini atawakumbuka mwishoni, na atakuambia nao sasa ni kabila. Kweli, serikali iliwatambua mwaka wa 2017 kama kabila la 44.

Hesabu ya mama mboga ndiyo inayotumika. Tangu kaunti zianze 2013 magavana wote watatu wametoka jamii moja na manaibu wao kutoka nyingine, na kila mtu hapa anajua kwa nini bila kuonyeshwa jedwali. Sheria ya kaunti ya 2012 nayo inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasio wa jamii kubwa ya kaunti. Sheria nzuri. Ila nikiomba kazi pale nitahesabiwa wapi? Jina la pili litanitia kwa wengi. Mama atasema nimeibiwa.

Kuna jambo lililonifuata kutoka Hennepin mpaka hapa. Sehemu ya kwanza ya jina Minneapolis ni neno la Wadakota, maana yake maji. Wadakota wenyewe walifukuzwa Minnesota baada ya vita vya 1862. Nakuru nalo ni neno la Kimaasai, mahali pa vumbi, na Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, miaka minne tu baada ya reli kufika, ili walowezi wapate mashamba. Waliobaki na majina hayo midomoni ni sisi tuliokuja baadaye, tukigombana nani alitangulia. Mlowezi alihitaji vibarua, vibarua wakaja kutoka kila upande, na mji ukagawanywa kwa rangi: Milimani kwa Wazungu, Waafrika chini huko Bondeni na Kivumbini. Rangi ilipoondoka kwenye ramani, kabila lilikuwa limeshakaa kwenye kiti.

Nimezunguka sana. Niseme la 2008.

Mwishoni mwa Januari moto ulipofika mjini, tulitoka Kaptembwo kwa pikapu ya rafiki wa baba, tukielekea Free Area, upande wa pili wa mji. Kwenye kizuizi cha kwanza mama alikaa mbele na dereva, akaongea yeye. Baba alikuwa nyuma chini ya godoro, na mimi na dada yangu tumelikalia. Mama aliongea Kiluhya kwa sauti ya juu, akawatukana wale vijana kama wanawe, wakacheka, wakainua gogo. Tulipovuka mji tukasimama kando ya ukuta fulani. Baba akatoka chini ya godoro, akajipangusa, akaenda mbele. Mama akaja nyuma kwetu. Kizuizi cha pili kilikuwa cha vijana wengine, wa lugha nyingine, na baba alikuwa amemwambia mama asifungue mdomo hata akiulizwa saa. Mama yangu, mwanamke asiyenyamaza kanisani, alinyamaza.

Kati ya vizuizi hivyo viwili hapakuwa na hata dakika ishirini za gari.

Ploti yetu haikuchomwa. Jirani yetu, mzee Mkipsigis, aliandika jina lake kwa chaki kwenye geti letu, na tuliporudi Aprili lilikuwa bado lipo limefifia kidogo. Baba alikataa lifutwe. Mvua ndiyo iliyolifuta.

Sasa Kaptembwo ina ghorofa nilikoacha mabati, na mji umekuwa jiji tangu Desemba 2021, ingawa vumbi halijapata taarifa. Yule mzee alishafariki. Wajukuu zake na wa mama wanacheza mpira kwenye kichochoro kilekile, na mwanangu wa miaka tisa amejiunga nao kwa Kiswahili cha wiki tatu ambacho nusu yake ni matusi. Wanamwita Pointi, yaani chotara. Nilitaka kwenda kuwakanya, mama akanishika mkono: "Muache. Yule mwingine wanamwita Kichwa."

Juzi kwenye kibanda cha chai mama mmoja aliniuliza, kwa heshima zote, huyu kijana ni wa wapi. Nikasema wa hapa. Akasema ndiyo, lakini kwao hasa. Nikaanza kueleza, Bahati, Vihiga, Minnesota, mababu wa Norway, na nilipofika Norway chai ilikuwa imepoa na yule mama alikuwa akihudumia mteja mwingine.

Jioni nilimuuliza mama karani wa 2029 akija tutamwandikaje mtoto. Alikuwa anachambua mrenda. Hakuinua macho. "Wewe siku hiyo utakuwa umeenda sokoni," alisema. "Mlango nitafungua mimi."