Kuinstoli NumPy, SciPy na pandas bila kumaliza bando

Wadau, vijana wengi nnaowaona wanataka kuanza kuchambua data, sijui za mvua, sijui za mavuno, hawakwami kwenye hesabu kabisa, wanakwama kwenye kuinstoli tu pakeji za Python za hesabu na data kama NumPy, SciPy na pandas, mtu kaandika pip install scipy (pip ndo programu ya Python ya kushusha na kuinstoli pakeji), erori zimejaa skrini nzima, basi anaamua hii kitu sio ya kwake. Inaniuma sana mtu kuishia hapo maana tatizo lenyewe linaeleweka, tena ukishalielewa mara moja unawasaidia na wengine.

Iko hivi. Python yenyewe ni nyepesi, ila NumPy na SciPy ndani yake zina kodi kibao (maandishi ya programu) za lugha ya C, na SciPy kwa miaka mingi imebeba hadi Fortran, lugha iliyotoka 1957. Hizo kodi lazima zikompailiwe kwanza, yaani zigeuzwe kuwa lugha ya mashine, ndo zifanye kazi. Zamani kwenye Windows ilikuwa shughuli kwelikweli, watu tulikuwa tunategemea mafaili aliyokuwa anayakompaili Christoph Gohlke wa Chuo Kikuu cha California pale Irvine na kuyaweka bure kwa yeyote, namheshimu mno yule bwana. Siku hizi pip inakushushia faili ambalo tayari limekompailiwa, jina lake linaishia na .whl.

Sasa soma jina la faili lenyewe, mfano hili:

numpy-1.26.4-cp312-cp312-win_amd64.whl

1.26.4 ni vesheni ya NumPy, cp312 maana yake Python 3.12, win_amd64 ni Windows ya biti 64 (hata kama prosesa yako ni Intel, hiyo amd isikutishe). Vikiendana na mashine yako inaingia fasta. Visipoendana pip inashusha kodi mbichi na kutaka kuikompaili palepale kwako, na hapo ndo unakutana na ule ujumbe unaodai Microsoft Visual C++ 14.0, halafu mtu anakimbilia kushusha magigabaiti ya Visual Studio. Jamani, subiri kwanza! Mara nyingi ni kwamba umeweka Python iliyotoka juzijuzi na pakeji bado hazijaifikia, au umeweka ya biti 32. Rudi vesheni moja nyuma, weka ya biti 64, na wakati wa kuinstoli tiki kile kiboksi cha Add python.exe to PATH, wengi wanakiruka halafu Command Prompt (lile dirisha la kuandikia amri) inasema haiijui python.

Kuhusu bando sasa, hapa ndo penyewe. Kama mna kompyuta kadhaa ofisini au kwenye maabara ya shule, hamna haja kila moja iingie mtandaoni. Kwenye mashine moja yenye intaneti andika (matplotlib ni pakeji ya kuchora grafu):

pip download numpy scipy pandas matplotlib -d mzigo

Folda ya mzigo itajaa mafaili ya .whl pamoja na vyote vinavyotegemewa, haifiki hata MB 150. Hamishia kwenye flashi, nenda kwenye kompyuta nyingine yenye Python ileile, kisha:

python -m venv mvua
mvua\Scripts\activate
pip install --no-index --find-links=mzigo numpy scipy pandas matplotlib

Hiyo --no-index inaiambia pip isiguse mtandao kabisa, ichukue kwenye folda tu. Na hiyo venv, yaani sehemu ya peke yake ya kuwekea pakeji za kazi moja (hapa nimeiita mvua), usiiruke, kila kazi iwe na ya kwake, maana NumPy 2.0 ilipotoka Juni 2024 pakeji nyingi zilizokompailiwa kwa vesheni za 1 zilikataa kufanya kazi nayo, aliyekuwa amechanganya kila kitu sehemu moja aliumia.

Wa Ubuntu 24.04 nyie mkijaribu pip install nje ya venv mtaambiwa externally-managed-environment. Sio ubovu huo, mfumo unajilinda kwa sababu nao wenyewe unatumia Python. Usilazimishe na --break-system-packages hata kama kuna mtu kakushauri, weka python3-venv kwa apt, tengeneza venv, endelea na maisha.

Kuna wenye desktop za zamani bado ziko Windows 7, na ziko nyingi tu. Python ya mwisho kukubali humo ni 3.8, ambayo inaishia NumPy 1.24.4 na pandas 2.0.3. Haipati tena marekebisho ya usalama kwahiyo mashine hiyo usiitumie kuzurura mtandaoni, ila kwa kujifunzia inatosha kabisa, wastani na grafu za mvua zinatoka vilevile.

Anaconda je, ile Python inayokuja na pakeji zake kwa pamoja? Nzuri, kila kitu kimo, lakini faili la kuinstoli peke yake linakaribia GB 1 na taasisi ya wafanyakazi zaidi ya 200 inabidi isome masharti ya leseni vizuri. Mimi kama kazi ni ya ramani, mambo ya GDAL (pakeji ya kusoma data za ramani), ndo naacha pip nachukua Miniforge, ni ndogo na inachota moja kwa moja kwenye conda-forge, hazina ya pakeji zilizokwisha kompailiwa, unaandika conda install gdal na ile vita yote ya kukompaili huioni.