Jalala la kona yetu liliondoka kwa vizibo vya soda

Kwa miezi tisa sasa kona ya genge langu haina jalala. Kwa karibu miaka minne niliuza nyanya, mchicha na maparachichi hatua kama kumi na tano kutoka kwenye rundo ambalo mtaa mzima ulilijua na hakuna aliyekubali kuwa ni lake. Mama wa nyumba ya bati jekundu alisema ni la wapangaji wa juu. Wapangaji walisema ni la watu wa gengeni, yaani mimi. Ofisini niliambiwa ni la wananchi wasiojali. Huku nzi wanatoka pale wanatua kwenye maparachichi yangu, na wateja wanavuka barabara kununua kwingine.

Mtaa wetu uko upande wa juu wa jiji la Mbeya, mlima Loleza uko mgongoni. Mvua zikianza, Novemba hivi, maji yanashuka kwa kasi na chochote kilicholala mferejini kinasafiri nayo. Mwaka juzi mwezi wa pili mfereji uliziba kwenye kalavati: viroba, mabua ya mahindi, pampasi. Usiku maji yakapanda yakaingia kwa bibi mmoja jirani yangu. Tulimtoa yeye kwanza, halafu godoro, halafu gunia lake la mahindi lililokwisha kulowa. Bibi yule anaishi peke yake. Taka zake za wiki nzima hazijazi ndoo ndogo. Lile gunia ndilo lililoniumiza mpaka nikasema basi, jalala hili litaondoka.

Ushauri nilipewa mwingi, na niseme wazi kwamba mwingi ulikuwa mbaya.

Wa kwanza ulikuwa wa kuchoma. "Mama, mwaga mafuta ya taa lita moja, piga kiberiti, kesho kuna majivu tu." Nilifanya hivyo, na bado najuta. Jalala la huku kwetu halikauki. Ndani ni maganda ya ndizi, majani ya kabichi na pampasi zilizojaa maji. Juu liliwaka dakika ishirini, chini likabaki linafuka. Kopo la dawa ya mbu lilipasuka kwa kishindo, watoto waliokuwa wanacheza karibu wakakimbia wanalia. Moshi ulikaa siku mbili, mweusi, wenye harufu ya plastiki inayokaba koo. Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna mtoto mwenye pumu. Mama yake alinijia gengeni amembeba mgongoni, hakunigombeza, alinionyesha tu jinsi mtoto anavyopumua. Nilibeba maji ndoo kwa ndoo mpaka saa nne usiku. Tafadhali, msichome taka mtaani. Yeyote anayewaambia mchome, mwambieni aje akae naye upande wa moshi.

Ushauri wa pili ulikuwa kibao. Nililipa fundi elfu nane, au kumi, akaandika kwa rangi nyekundu: USITUPE TAKA HAPA, FAINI SHILINGI 50,000. Wiki ya kwanza watu waliegemeza viroba vyao kwenye nguzo ya kibao. Nilikasirika sana, lakini baadaye nilielewa. Kibao kilisema wapi wasitupe. Hakikusema watupe wapi, na ghuba la taka la karibu, yaani kizimba ambako gari la taka huja kuzoa, liko ng'ambo ya lami, dakika ishirini na tano kwa mguu ukiwa umebeba mzigo, na njia ni ya mawe.

Tuna pia usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mnakumbuka mwaka 2015 sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba zilivyoahirishwa watu wakafanye usafi. Baada ya hapo ndipo siku hii ya kila mwezi ilipoanza, na mimi naiheshimu. Lakini kwetu ilikuwa hivi: tunafagia mtaa mzima vizuri, tunakusanya pamoja, na hiyo "pamoja" ni kona yangu. Gari lisipokuja, ikifika Jumatano mbwa wamezitawanya zote. Kufagia peke yake ni kuhamisha.

Binti yangu ndiye alinisomea kwenye simu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu cha 4 kinasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 6 kinampa huyohuyo wajibu wa kuyalinda. Mbele zaidi taka ngumu zimewekwa mikononi mwa serikali za mitaa. Nilimwambia arudie mara mbili. Miaka yote tulikuwa tunagombana ni kazi ya serikali au ya mwananchi, kumbe sheria imetutaja sote. Kilichokosekana ni kipande cha katikati: kati ya mlango wa nyumba na ghuba, mzigo ni wa nani?

Nikaamua kuangalia kwa macho yangu. Ilikuwa mwezi wa sita, na Mbeya mwezi wa sita mnaijua. Asubuhi tano mfululizo niliamka saa kumi alfajiri, nikavaa masweta mawili, nikajifunika blanketi, nikakaa ndani ya genge taa imezimwa, jiko la mkaa miguuni. Mbele yangu niliweka bakuli tupu na mafungu matatu. Mtoto akija na ndoo, naweka punje ya hindi. Mtu mzima, punje ya haragwe. Toroli, njugu mawe moja. Sikutaka kuandika maana ningehitaji mwanga, na sikutaka kukumbuka sura za watu, nisije nikawachukia majirani zangu.

Siku ya tano nilimwaga bakuli mezani nikahesabu na binti yangu. Mahindi tisa. Maharage manne. Njugu mawe ishirini na mbili. Na toroli moja hubeba viroba vitatu mpaka vinne.

Mnaelewa maana yake? Sehemu kubwa ya jalala lile ilikuwa imelipiwa. Nyumba zilizokuwa zinalalamika zaidi kuhusu uchafu ndizo zilizokuwa zinatoa mia tano kwa kiroba kila wiki, zikafunga geti zikijua kazi imekwisha. Vijana wa toroli wanachukua, wanashuka mita mia mbili, wanamwaga kwangu.

Asubuhi ya sita nilimsimamisha mmoja wao. Sikumfokea. Nilimpa chai ya tangawizi na chapati, akakaa kwenye kreti. Nikamuuliza kwa nini hafiki ghubani. Akasema, "Mama, wao wananilipa nitoe taka ndani kwao. Hakuna aliyeniambia nizipeleke wapi." Akaniwekea hesabu: akienda ghubani anamaliza safari tatu asubuhi. Akimwaga konani anafanya nane. Na mwenye nyumba analipa sawasawa, afike asifike.

Pale ndipo akili ilinijia, na niruhusuni nieleze kwa urefu maana hapa ndipo ninapojivunia.

Karibu na ghuba kuna mama anauza vitumbua tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nilimpelekea vizibo vya soda mia moja hivi, nilivyookota kwenye baa ya jirani na kuvipaka rangi nyekundu iliyobaki ya kile kibao. Tulikubaliana: kijana akimwaga kiroba ndani ya ghuba, mama anampa kizibo kimoja. Kijana anarudi nacho kwa mwenye nyumba. Ile mia tano tukaigawa: mia mbili getini wakati wa kuchukua, mia tatu ukileta kizibo. Hakuna kizibo, hakuna mia tatu. Mama vitumbua simlipi fedha, nampa fungu la mboga kila Jumamosi, na vijana wakishamwaga wananunua kwake, kwa hiyo biashara yake imepanda.

Nyumba ya kwanza kukubali ilikuwa ya bibi, ingawa taka zake unazijua. Tulianza saba. Baba mmoja aliniambia hawezi kusimamia vizibo kama mtoto. Nilimwonyesha viroba vyake vitatu chini ya jalala, ndani kuna bahasha yenye jina lake. Alijiunga siku hiyohiyo. Sasa tuko nyumba thelathini na moja.

Wiki ya tatu hesabu ilikataa. Nyumba zilikusanya vizibo vingi kuliko nilivyompa mama vitumbua. Nilivipanga juani, nikaona vingine vinang'aa kupita kiasi. Kijana mmoja alikuwa anapaka vya kwake kwa rangi ya kucha ya dada yake. Nilimwita, akakubali, akaomba radhi, na sikumfukuza kwa sababu ndiye mwenye nguvu kuliko wote kwenye ule mlima. Tangu hapo kila Jumapili jioni natoboa vizibo vya wiki kwa msumari: wiki hii tundu mbili pembeni, wiki ijayo moja katikati. Vya wiki iliyopita havina thamani. Hakuna aliyejaribu tena.

Kusafisha kwenyewe kulichukua siku moja, guta mbili na kama elfu thelathini na kitu tulizochanga. Wiki mbili za mwanzo kaa hapo alfajiri, maana watoto hutumwa na ndoo kwa mazoea, na ukimrudisha mtoto nenda naye mpaka kwa mama yake, ongea na mama, usimwaibishe mtoto njiani. Wanunulie vijana glovu na buti, sisi tulichangia. Vigae na chupa zilizovunjika zifungwe peke yake kwenye kopo, kijana mmoja alikatwa mguu kabla hatujalisema hilo.

Na mzigo upunguzwe nyumbani. Maganda, majani ya kabichi na makombo ya gengeni kwangu huchukuliwa na mfuga nguruwe wa chini, anakuja mwenyewe na ndoo. Majivu yanaenda bustanini. Chupa za plastiki zina wanunuzi wa kilo, mia mbili, mia tatu, inategemea umempata nani. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 rambo zimepungua kweli, lakini chupa na vifungashio vidogo bado vinatuziba mifereji. Pampasi sijazipatia jibu. Zinaenda ghubani kama zilivyo.

Kitu kimoja nusura kiuue kazi yote. Mwezi uliopita gari la taka lilichelewa, ghuba likajaa mpaka nje, na mama vitumbua akaacha kutoa vizibo kwa sababu hakukuwa na mahali pa kumwaga. Vijana wakaanza kuitazama kona yangu tena. Hapo nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiomba stakabadhi za ada ya taka. Nilipata ishirini na nane, nikazitoa fotokopi, tukaandika barua fupi, mwenyekiti wa mtaa akaisaini na kuipeleka mwenyewe. Hatukuandika malalamiko, tuliandika tarehe: tumelipa lini, gari lilikuja lini mara ya mwisho. Siku ya tatu gari lilifika. Tunzeni stakabadhi zenu, jamani. Kwetu watu wengi walikuwa wanawashia jiko.

Bibi alitaka kupanda maboga pale palipokuwa na jalala. Nimemwomba asubiri, udongo ule una betri na vipande vya chupa ambavyo bado tunavichambua. Kwa sasa amepanda maua, na asubuhi huleta kigoda chake akakaa hapo hapo kuota jua.

Juzi wamekuja akina mama watatu wa mtaa wa pili kuniomba vizibo vyekundu. Nimewaambia wapake vya kwao, rangi ya bluu, na wakubaliane wenyewe na mtu wa karibu na ghuba lao, kwa sababu mama vitumbua wetu ameshaniambia mikono yake imejaa.